Kano ya Kushoto

Magdalena alilala kifudifudi kwenye kitanda cha chuma katika hospitali moja ya Masasi, kanga imeshushwa hadi chini ya kiuno, na mtaalamu wa viungo aitwaye Walter akawa anambonyeza kwa kidole gumba. Nje ya dirisha mbuzi wa watu alikuwa akitafuna boksi la dawa. Walter alibonyeza upande wa kulia, akaguna kwa kuridhika. Akahamia kushoto. Akabonyeza juu kidogo, chini kidogo, akarudi juu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya ugenini.

"Jifunge, mama," alisema mwisho. "Upande wa kushoto huna kano."

Magdalena alijifunga kanga, akaketi. "Imekatika?"

"Ingekatika ningezigusa ncha zake. Haipo. Imeondoka."

Walter alifungua kabati, akatoa kiuno cha plastiki, mifupa mitupu, akakipuliza vumbi. Alimwonyesha pingili ya mwisho ya kiuno, ile inayokalia mfupa mpana wa chini. Pingili hiyo ina vibawa viwili, kimoja huku na kimoja kule. Kwenye ncha ya kila kibawa hutoka kano fupi, nene, ngumu, inayokwenda kushika ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Kazi yake ni kuizuia pingili ile isiteleze mbele wala isilalie upande.

"Ziko mbili, na zinavutana," alisema Walter. "Huyu anavuta huku, mwenzake anavuta kule, ndipo binadamu anasimama wima. Mmoja akilegea, mwingine anabeba mzigo wa wote, na ndiye anayelia. Sasa niambie. Siku ilipoondoka, ulikuwa umebeba nini?"

"Maji."

"Ya nani?"

"Ya kaka yangu. Ya kukorogea zege la kisima chake."

"Basi iko huko," alisema Walter, akarudisha kiuno cha plastiki kabatini. "Kano hukaa kwenye kazi iliyoiondoa. Kuna kuli mmoja hapa Masasi, yake iko kwenye boriti ya ghala la korosho. Kila akikohoa, popo wanaruka."

"Nikaifukue?"

"Imeshaganda na zege, mama. Ukivunja utabaki huna kano na hakuna kisima. Jifunge kitambaa kipana, na usibebe kitu kizito."

Alimpa dawa ya kuchua, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Sasa, kisima hicho kina habari yake, na habari yenyewe si ya kusimulia mbele ya wageni. Kule Mnyambe, juu ya uwanda, mchanga mwekundu hunywa mvua yote wala haurudishi tone. Chemchemi ziko bondeni, mwisho wa mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa kufikiri. Bomba la mradi lipo, ila siku nyingi hutoa pumzi badala ya maji. Kwa hiyo mwenye bati na simenti huchimba kisima mbele ya nyumba, akakisakafia, akafunga mifereji pembeni mwa paa, na mvua ikinyesha huingia humo ikakaa kungoja kiangazi. Asiye na simenti ana kichwa chake na ndoo.

Reginald, kaka mkubwa wa Magdalena, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alijenga nyumba na kisima juu ya msingi mmoja, kwenye uwanja wa marehemu mama yao, Bibi Ethel. Alijenga kiangazi, kama wajengavyo wote, maana mvua ikianza shimo hugeuka tope. Na ujenzi wa kiangazi una kichekesho chake: ili upate mahali pa kuweka maji, sharti kwanza upate maji. Zege halikorogwi kwa mate. Basi akamwita dada yake.

"Magdalena," alisema, "kisima hiki ni cha uwanja wa mama. Wewe niletee maji ya zege tu. Mvua ikinyesha utachota mpaka ndoo yenyewe iombe kupumzika."

Magdalena akaleta. Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba ndiye humpa mtoto jina katika ukoo ule, ndiye humwonyesha mahali pa kulima kwenye ardhi ya bibi yake. Baba wa Loveness, binti pekee wa Magdalena, alikwisha kufa. Mama gani angemnunia mjomba wa mwanawe kwa sababu ya ndoo? Alishuka bondeni asubuhi, akashuka mchana, kiangazi chote. Siku ya kumwaga zege la mfuniko, alipotua ndoo ya mwisho pembeni mwa lundo la kokoto, alisikia kitu ndani ya kiuno kikifunguka polepole, bila kelele, kama fundo la kanga. Fundi akachukua maji, akayamwaga kwenye simenti. Yeye akaenda kulala, na tangu siku ile akawa anatembea kwa kuchechemea.

Mvua ikanyesha, kisima kikajaa. Reginald akaweka kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni, kwenye uzi mmoja na msalaba wake. Maji yalikwenda kwenye kitalu chake cha miche ya mikorosho, ambayo watu walikuja kuichukua hata kutoka Kitangari. Magdalena alipokwenda na ndoo aliambiwa asubiri kwanza miche ishike. Miche ikashika, ikaondoka, ikaja mingine, nayo ilikuwa na kiu vilevile. Miaka ikapita hivyo. Asante ya punda ni mateke, lakini Magdalena hata teke hakupewa. Alipewa tabasamu, na nani anaweza kulishtaki tabasamu?

Aliporudi kutoka Masasi siku ile, jua lilikuwa bado kali. Nyumba yake ya udongo ilikuwa upande wa pili wa uwanja uleule, ikiangaliana na bati la kaka yake. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, akainama kushoto kuvua kiatu. Kwa Reginald dirisha likafunguka lenyewe. Akanyooka, dirisha likajifunga. Akainama tena, safari hii zaidi kidogo, na sufuria ikasikika ikibingirika sakafuni toka ukuta hadi ukuta. Magdalena hakuwa mtu wa papara. Alivua na kiatu cha pili kwanza, akanywa uji, akafikiri.

Kilichomuuma si kiuno. Kiuno kilishauma miaka, wamezoeana. Kilichomuuma ni Loveness. Loveness alikuwa na mimba kubwa, mumewe Anderson yuko machimboni Tunduru anatuma salamu za simu, na kila asubuhi msichana yule alikuwa akishuka bondeni na ndoo, kwa sababu mama yake hawezi tena. Magdalena alikuwa akimwangalia anavyopanda mteremko, mkono mmoja kwenye ndoo na mmoja nyuma ya nyonga. Mkono ule nyuma ya nyonga aliujua. Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo alianza kwa heshima. Alivuka uwanja, akabisha hodi.

"Karibu, Mama Loveness."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Reginald alikuwa anamwagilia miche kwa kopo lililotobolewa matundu.

"Nimetoka hospitali. Mshipa wangu wa kushoto uko ndani ya kisima chako."

Reginald alimalizia mstari wa miche aliokuwa nao. "Ndiyo maana hakivuji," alisema.

"Sikudai mshipa. Nakuomba ufunguo. Loveness anashuka na tumbo lile, na kiuno chake ni hiki changu, kitaachia. Mpe maji mpaka ajifungue. Baadaye funga, sitasema neno."

"Mimba si ugonjwa, dada. Mama alikuwa na mimi tumboni na maji kichwani, na nikazaliwa salama."

"Mama alikufa amepinda."

"Alikufa mzee." Reginald aliuelekeza mkono wake kwenye miche. "Hii nimeshaahidi watu. Na damu ni nzito kuliko maji, Magdalena. Tusije tukagombana kwa ajili ya ndoo."

Magdalena alikuwa amebeba vyote viwili maishani mwake na alijua kipi kizito. Aliaga kwa adabu. Alipokuwa anavuka uwanja kurudi kwake, chuki ilimpanda kutoka miguuni hadi kifuani, nzima, imeiva, na hakujaribu kuizuia. Akaketi kwenye kigoda. Akashika mguu wa kigoda kwa mkono wa kushoto, akajilaza upande.

Nyumba ya Reginald ikalala naye. Bati lilipiga kelele kidogo, likanyamaza. Kuta ziliinama kushoto zote pamoja, kwa utaratibu, na kisima kikapasuka ubavuni kuanzia mfuniko hadi chini. Maji yakatoka. Yalipita katikati ya kitalu, yakang'oa miche na vifuko vyake, yakaenda kwenye mchanga, na mchanga ukafanya kama kawaida yake. Mchana wote yalitoka. Magdalena hakunyanyuka hata kukojoa.

Cecilia, jirani wa nyuma, alikuja na mtoto mgongoni akasimama mbele yake.

"Mama Loveness, ni wewe uliyeilaza?"

"Ni mimi."

"Basi usizidishe hapo. Ukuta wake ukija zaidi utaangukia banda langu la kuku."

Magdalena akapunguza kidogo. Cecilia alishukuru, akabaki akiangalia mchanga uliolowa.

"Kwa kweli amekomeshwa," alisema. "Lakini maji yamekwenda ardhini, shoga. Hakuna yaliyoingia ndooni mwa mwanao."

Lilikuwa neno la kweli, na Magdalena hakulitaka. Wapo watu wanaosema kisasi hakishibishi. Hao hawajawahi kukila kikiwa cha moto. Jioni ile alikula ugali na kisamvu akiwa ameinama, na hakukumbuka lini chakula kilikuwa kitamu vile.

Reginald alikuja baada ya ibada ya Jumapili. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu, kwa sababu meza yake sasa ilikuwa na mteremko. Alisimama akimwangalia dada yake alivyokaa.

"Kaa wima, Magdalena."

"Fungua kisima."

"Kisima kitupu nikufungulie nini?"

"Basi apa mbele ya kaburi la mama kwamba kikijaa utafungua."

Reginald alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri zamani kabla ya kumchapa mwanafunzi. "Siwezi," alisema. "Nikifungua kwa sababu ya mgongo wako, kesho kila mwenye mgongo atakuja. Na kiuno cha nani hakijauma katika kijiji hiki?"

Akaenda zake. Aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kushoto, akazoea. Alikula akiwa ameushikilia ukingo wa sahani. Mkewe alikwisha kumwacha kitambo akarudi kwao Nanganga, kwa hiyo hakukuwa na wa kulalamika. Watu waliokwenda kumsalimia walijifunza kukaa upande wa juu wa benchi. Baada ya muda hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, isipokuwa watoto, ambao walikuwa wakiviringisha machungwa sebuleni kwake.

Na hicho ndicho kilichomtia Magdalena wazimu. Alitaka kaka yake ateseke, naye alikuwa amezoea. Kumbe mtu mwenye kichwa kigumu unaweza kumlazia nyumba nzima na bado akalala usingizi. Aliona njia ni moja: nyumba ianguke. Bati lote, mihimili yote, na ule ufunguo upotelee kwenye kifusi. Kwa jambo kama hilo alihitaji ushauri wa mtaalamu.

"Usishuke bondeni nikiwa sipo," alimwambia Loveness asubuhi ya kuondoka. "Cecilia atakuletea ya kunywa. Na mjomba wako akikuita, usiende."

"Mjomba akiniita nisiende, mama?"

"Umenisikia."

Loveness akainamisha kichwa. Magdalena akapanda bodaboda hadi Newala mjini, na kutoka hapo basi likamteremsha kutoka uwandani hadi kwenye miamba ya Masasi. Njia nzima alikaa ameegemea dirisha la kushoto, asije akampa kaka yake siku ya raha.

Walter alimpokea bila maneno mengi. Alimbonyeza tena, akasikiliza swali lake.

"Inaweza kuanguka," alisema. "Lakini nyumba nzima ni nzito. Itabidi uiname mpaka bega lako likaribie goti, ukae hivyo kutwa, ukipumua kwa tumbo. Kwa kiuno hicho ulichonacho, sikuahidi kwamba utarudi wima."

"Sikuomba kurudi wima."

Walter alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Alimlaza sakafuni juu ya mkeka, akamfundisha kuinama: pumzi inatoka, bega linashuka, pumzi inaingia, bega linabaki hapohapo. Walifanya mazoezi hadi saa ya chakula. Siku ile Magdalena alilala kwa ndugu wa marehemu mumewe, na usiku aliota vumbi la simenti likipanda juu.

Kesho yake, akiwa juu ya bodaboda anaingia Mnyambe, aliona bati la kaka yake likiwaka juani. Lilikuwa sawasawa. Kuta zilikuwa wima. Alijaribu kuinama kushoto palepale nyuma ya dereva, akasikia kitu kikimvuta na kumrudisha katikati, na kiunoni, mahali palipouma miaka yote, hapakuuma. Alishuka kwenye pikipiki na kutembea bila kuchechemea. Hofu ikamharakisha nyumbani.

Uwanjani fundi Nurdin alikuwa anaosha mwiko. Ubavu wa kisima ulikuwa umezibwa kwa zege jipya, bado bichi. Pembeni ilikuwepo ndoo ya njano yenye mpini wa kamba. Ilikuwa ndoo ya nyumbani kwake.

Loveness alikuwa amelala kwenye mkeka kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia nyuma ya nyonga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Anacheza. Mtoto hajambo." Loveness alijaribu kugeuka, akashindwa. "Mama, kuna kitu kilifunguka. Upande wa kulia. Nilikuwa natua ndoo ya mwisho."

"Nilikukataza."

"Mjomba alikuja mwenyewe hapa mlangoni. Alivua kofia, mama. Akasema mvua iko karibu, nyufa zikizibwa sasa kisima kitajaa. Akasema hiki ni kisima cha uwanja wa bibi. Mvua ikinyesha nitachota mpaka ndoo..."

"Iombe kupumzika," alimalizia Magdalena.

"Na mtoto atahitaji jina," alisema Loveness, akaanza kulia taratibu.

Magdalena alimchua kwa dawa ya Masasi. Alipofika upande wa kulia alibonyeza kwa kidole gumba, juu kidogo, chini kidogo. Hakukuwa na kitu. Alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na mwisho akaendelea tu kumchua. Nani angemlaumu msichana yule? Neno lilelile lilimnasa mama, tena akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Na kwa nini zege lilihitaji maji ya bondeni? Kwa sababu maji ya kisima yalikuwa yamemwagwa. Na aliyeyamwaga ni nani? Magdalena aliliona swali lote hadi mwisho wake, na halikumpunguzia chuki hata chembe. Lilimwongezea.

Akatoka, akaketi kwenye kigoda. Akatoa pumzi, akashusha bega kama alivyofundishwa, kwa nguvu zake zote. Bati la Reginald likalia. Na ndani ya nyumba ya udongo Loveness akapiga yowe ambalo Magdalena hakuwahi kulisikia hata siku alipompeleka kliniki amevunjika mkono.

Magdalena akanyooka. Yowe likakoma.

Akangoja. Akainama tena, kidogo sana, kiasi cha mtu anayeokota sindano. Loveness akalia tena, safari hii kwa kuuma kanga. Magdalena akajaribu upande wa kulia badala ya kushoto, ikawa vilevile. Mmoja anavuta huku, mwenzake kule, na katikati yao nyumba ya Reginald imesimama. Akilegea yeye, mzigo wote unamwendea mwanawe.

Magdalena akakaa wima. Alikaa wima mpaka Cecilia akaja kuuliza kwa nini nyumba imenyooka, na hata hapo hakuinama.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Iliingia kwenye mifereji, ikajaza kisima hadi mdomoni, na zege halikuvuja hata jasho, kwa vile sasa lilikuwa limeshikwa pande zote mbili. Reginald akanunua kufuli jipya, maana la zamani lilikuwa limeota kutu wakati kisima kilipokuwa kitupu. Loveness alijifungua salama katika mvua hiyo hiyo, mtoto wa kike. Mjomba alikuja na kanzu yake ya kanisani, akampakata, akampa jina la Ethel, jina la bibi aliyebeba maji maisha yake yote. Watu walisema ni jina zuri. Loveness alimkumbusha habari ya kuchota, kwa sauti ya chini, macho chini, kama inavyompasa mtu anapozungumza na mjomba wake.

"Nitaweka miche mipya mwezi ujao," alisema Reginald kwa upole. "Tusubiri ishike."

Alipoondoka, Magdalena alimfuata hadi nusu ya uwanja. Hakuna aliyekuwa karibu.

"Nakuchukia, Reginald," alimwambia. "Nataka ujue. Nakuchukia nikila, nakuchukia nikisali. Nikifa nitakuchukia kaburini."

"Najua, dada," alisema Reginald. "Lakini kaa wima."

Siku chache baadaye wageni walikuja kutoka Kitangari kuangalia namna ya kujenga nyumba kwenye mchanga. Nurdin aliweka pimamaji yake ukutani, kiputo kikatulia katikati kabisa. Aliiweka kwenye mfuniko wa kisima, kikatulia. Reginald aliwaambia wageni kwamba siri ni msingi.

Magdalena aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Alimpa Loveness mtoto anyonye, akampangia kanga nyuma ya kiuno. Hakukuwa na maji ndani. Loveness hawezi kushuka tena, na mtoto ana nepi za kufuliwa. Kiuno cha Magdalena kilikuwa kizima, hakijawahi kuwa kizima vile tangu ujana, kwa kuwa alikuwapo mwingine wa kukiumia. Akachukua ndoo ya njano, akasokota kata ya kitambaa ya kuwekea kichwani, akaelekea bondeni.

Alikuwa amegundua kwamba kushuka kule ndiko kulikomfaa zaidi mwanawe. Akikaa kigodani, hasira huweza kumsahaulisha, akaegemea upande kidogo, na Loveness akalia. Lakini mtu mwenye ndoo iliyojaa kichwani hainami. Alipanda mteremko polepole, shingo imenyooka, mgongo umenyooka, anamtazama kaka yake aliyesimama kwenye kitalu na kopo lake la matundu, na hakumwaga hata tone.